Washauri wa kujitolea wanapotoweka: jibu kwa mratibu wa Morogoro

SWALI: "Mimi ni mratibu wa shirika dogo hapa Morogoro linalosaidia watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Tuna watoto 40, umri wa miaka 9 hadi 17, wengi wanaishi na bibi au ndugu. Mwezi Novemba tulipokea vijana 32 wa kujitolea, karibu wote wanachuo, tukawafanyia semina ya siku moja na kumkabidhi kila mmoja mtoto wa kumtembelea kila wiki. Sasa ni Machi na wamebaki 13. Wengine hawapokei hata simu. Watoto wananiuliza 'dada yangu yuko wapi', naishia kuwaambia atakuja. Bodi inataka niandikishe wengine 50 ili wakipungua wabaki wa kutosha. Kuna hoja pia ya kuwapa posho ili watulie. Mimi niko kazini siku tatu kwa wiki, na nusu ya muda huo unaishia kwenye ada, sare na ripoti za wafadhili. Niwapate wapi watu wasiokimbia? Na kwa upande wa usalama, tukidai cheti cha polisi inatosha?"

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, na la nne hukuliuliza: wale watoto 19 ambao kaka na dada zao wametoweka wafanyiwe nini wiki hii. Nitaanza na hilo, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri mwezi mmoja.

Neno "atakuja" liache leo. Najua unalisema kwa huruma. Lakini mtoto ambaye alishawahi kuachwa na watu wazima, awe amefiwa au amehamishwa kutoka nyumba ya shangazi hadi ya bibi, akiona Jumamosi ya kwanza imepita, ya pili imepita, hatafuti sababu kwenye ratiba ya chuo. Anaitafuta kwake mwenyewe: nilimwomba hela ya daftari akachukia, sijui kusoma vizuri, nilimchosha. Kila ukisema "atakuja" unamwongezea Jumamosi nyingine ya kungoja, na mwisho anaacha kukuamini na wewe uliyebaki.

Waandikie wale 19 ujumbe mmoja mfupi, usio na lawama: "Hatukulaumu na hatukuombi urudi. Tunaomba nusu saa tu Jumamosi hii, ofisini, umuage mtoto. Nitakuwepo." Wengi wanaokwepa simu wanakwepa kwa aibu. Mtu akishakosa Jumamosi mbili hajui aseme nini, akikosa nne anaona bora anyamaze. Ukimwondolea deni la kurudi, baadhi watakuja. Aliyeko mbali arekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja, uusikilize wewe kwanza, kisha umsikilizishe mtoto ukiwa umekaa naye. Asiyejibu ndani ya wiki, mweleze mtoto wewe mwenyewe: "Dada hataendelea kuja. Alituahidi muda ambao hakuwa nao, na sisi hatukumuuliza vizuri. Hukufanya kosa lolote." Kisha nyamaza. Mtoto anaweza kusema "sawa tu" na kukimbilia mpira. Mrudie wiki inayofuata hata hivyo, na mweleze bibi maneno yale yale ili nyumbani asije akaambiwa kitu kingine. Usimpe mshauri mpya, yaani kaka au dada mwingine wa kumtembelea, papo hapo. Mwingize kwanza kwenye kundi la Jumamosi nitakalolieleza chini, apumue miezi miwili.

Sasa kuhusu watu wasiokimbia. Mnaamini mmepata vijana wasio na msimamo. Mimi nikisoma tarehe zako naona kalenda. Vyuo vya hapo kwenu, SUA, Mzumbe na vinginevyo, hufungua mwaka wa masomo kuelekea Oktoba na Novemba. Novemba mwanachuo ana nafasi na ana moyo. Desemba anakwenda kwao Krismasi. Akirudi anakutana na majaribio, kisha mitihani ya muhula, kisha likizo fupi, na hapo Machi imeingia. Mngewabakiza hadi Julai, wangekwenda mafunzo kwa vitendo, mmoja Kigoma, mwingine Mtwara. Wa mwaka wa tatu wasingerudi kabisa. Mtoto wenu kalenda yake ni Januari hadi Desemba. Wa darasa la saba anabanwa na mtihani wa Septemba, wa kidato cha nne anabanwa Novemba. Muda ambao mtoto anamhitaji mtu zaidi ndio ambao mwanachuo hayupo mjini. Ongeza umbali: kampasi kuu ya Mzumbe iko nje ya mji njia ya Iringa, na kama mtoto anaishi Kihonda, hiyo ni safari ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila wiki, kwa nauli ya mfukoni mwake. Hata mtu mwaminifu hawezi kudumu hivyo.

Hilo la kalenda linarekebishika. Gumu zaidi ni hesabu ya muda wako, na hapo ndipo wazo la watu 50 linapoanguka.

Jozi mpya, yaani mshauri mmoja na mtoto mmoja, ikifuatiliwa inavyostahili katika mwezi wa kwanza inadai simu ya robo saa kwa mshauri kila wiki, mazungumzo mawili ya dakika 20 na mtoto, moja na mzazi au bibi, na kama dakika 20 za kuandika. Jumla ni dakika 140. Jozi iliyokwisha kutulia, baada ya miezi mitatu hivi, inaweza kwenda kwa dakika 50 kwa mwezi. Wewe una siku tatu kwa wiki, tuseme saa 96 kwa mwezi, na nusu yake imeshachukuliwa. Zinabaki 48. Jozi 32 zilizoanza kwa pamoja Novemba zilidai karibu saa 75. Huku ni kushindwa kwa hesabu kabla hata ya mshauri mmoja kukosa. Bila shaka hukuwapigia wote kila wiki, na ambaye hakupigiwa simu baada ya ziara ya pili iliyokwenda vibaya alibaki peke yake na wazo kwamba hafai. Sasa weka 50 mahali pa 32.

Ukichukua 13 waliobaki kwa dakika 50 kila mmoja, ni saa 11. Ukiongeza kundi jipya la watu 8 kwa dakika 140, ni saa 19 hivi. Jumla 30, na zinabaki 18 za usaili, mafunzo na dharura. Hiyo ndiyo saizi yako kwa sasa: wapya wanane, subiri watulie miezi mitatu, halafu wanane wengine kama muda unaruhusu. Idadi ya washauri inapangwa na simu unazoweza kupiga, haipangwi na idadi ya watoto wanaosubiri.

Bodi itauliza, je, si bora mtoto apate miezi miwili kuliko kukosa kabisa? Hapana, na hili limepimwa. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichambua data za vijana wa Big Brothers Big Sisters, mpango unaomkutanisha mtoto na mtu mzima wa kujitolea, kwa kuangalia uhusiano ulidumu muda gani. Waliokaa na mshauri mwaka mzima au zaidi ndio walioonyesha faida nyingi. Ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika namna wanavyojithamini na wanavyojiamini shuleni. Kuna mfano wa zamani zaidi, jimboni Massachusetts. Kuanzia 1939 hadi 1945 wavulana katika miji ya Cambridge na Somerville walipewa washauri waliowatembelea nyumbani, huku wengine wanaofanana nao wakiachwa bila huduma ili kulinganisha. Wavulana wote walikuwa 506. Mtafiti Joan McCord alipowafuatilia miaka 30 baadaye na kuchapisha matokeo mwaka 1978, wengi wa waliohudumiwa walisema walisaidiwa, lakini katika vipimo kadhaa, ulevi na kurudia uhalifu vikiwemo, walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Hao ni watoto wa nchi nyingine na wakati mwingine, kwa hiyo usizihamishe tarakimu zao hadi Morogoro. Kinachohama ni tahadhari: nia njema peke yake haimkingi mtoto.

Watoto 40 hamuwezi kuwapa watu 40, basi wafanyweje? Kwa maoni yangu wagawanye. Chagua wale ambao mtu mmoja wa kudumu atawabadilishia maisha zaidi: aliyefiwa karibuni, asiye na mtu mzima anayemsikiliza nyumbani, anayeanza kuacha shule. Hao wawe kwenye jozi, 20 hivi kwa sasa, wakiwemo wale 13 ambao jozi zao bado zimesimama. Waliobaki waingie kwenye makundi ya watoto sita hadi wanane chini ya washauri wawili, Jumamosi, ukumbini au kwenye uwanja wa shule, saa moja na nusu. Hapo ndipo wanachuo wanapofaa sana. Mmoja akiwa na mtihani mwenzake yupo, kundi halivunjiki, na mtoto hajengi dunia yake juu ya mtu mmoja anayeondoka Julai. Waambie watoto tangu siku ya kwanza: kaka huyu yupo nanyi hadi mwisho wa Juni. Nisikufiche, kundi halizai ukaribu ule wa jozi, na mtoto mpole atajificha nyuma ya waongeaji. Lakini kundi linalokutana kila wiki linamfaa mtoto kuliko jozi iliyokufa. Kwa wale wa miaka 15 hadi 17, mara nyingi wanapenda zaidi mtu wa kuwaonyesha kazi: fundi wa umeme, muuguzi, mhasibu, miezi mitatu yenye lengo linalojulikana na mwisho unaojulikana.

Kwa jozi, watafute watu wenye mizizi mjini. Walimu wa shule nyingine, wauguzi, wafanyakazi wa benki na halmashauri, mafundi wenye karakana yao, wastaafu, akina mama wa vikundi vya kanisani na msikitini ambao watoto wao wameshakua. Hawa hawana mbwembwe za wanachuo na hawaji kwa tangazo la Instagramu. Wanakuja kwa kuombwa ana kwa ana na mtu wanayemfahamu. Waombe wale 13 waliobaki: kila mmoja akuletee jina moja. Na wape uzito wanaoishi jirani na mtoto. Anayeweza kufika kwa miguu au kwa daladala moja atadumu kuliko mwenye sifa nyingi anayekaa ng'ambo ya mji.

Usaili usiwe wa kujaza fomu tu. Swali linalonipendeza kuliko yote ni hili: "Jumamosi tatu zilizopita, kati ya saa tatu na saa sita, ulikuwa wapi?" Ukimuuliza mtu kama ana muda, atasema anao, maana anataka kuwa mwema. Jumamosi zake zitakuambia ukweli. La pili: "Lini uliahidi jambo la muda mrefu likakushinda, na ulimwambiaje uliyemwahidi?" Kushindwa kila mtu hushindwa. Unamtafuta anayepiga simu kusema ameshindwa. La tatu: "Mvua imewakuta barabarani na nyumbani kwako ni hapo karibu, lakini sheria yetu inakataza mtoto kuingia kwako. Utafanyaje?" Sikiliza kama anaiheshimu sheria au anaibishia. Mwambie ahadi ni mwaka mzima, mara moja kwa wiki au angalau mara mbili hadi tatu kwa mwezi, kisha mwache wiki mbili akafikirie. Wapo watakaopotelea hapo. Shukuru, wamepotea kabla ya kukutana na mtoto.

Posho sasa. Hoja hii haina ubaya wa tabia, vijana wana njaa na nauli ni nauli. Lakini posho haimfungi mtu kwa mtoto, inamfunga kwa posho, na mfadhili akikata bajeti mtarudi hapa hapa. Hesabu nayo inasema kitu. Posho ya shilingi 5,000 kwa ziara, kwa watu 32 na ziara nne, ni shilingi 640,000 kwa mwezi. Kama fedha hiyo ipo kweli, mtafute msaidizi wa muda wa kukupunguzia zile ada na ripoti, nawe upate saa za kupiga simu. Huo ndio uwekezaji utakaowabakiza watu. Washauri warudishieni nauli halisi na vocha ya simu, ndani ya wiki ile ile, kwa simu, bila kuwafanya wabembeleze. Siku za makundi wapikieni chakula cha mchana. Mtu asitoke mfukoni kwa kujitolea, na asiingize mfukoni pia.

Fedha zina mlango mwingine ambao hukuutaja, na nakuhakikishia upo. Bibi anapoona kijana nadhifu anakuja kila wiki kwa jina la shirika, anaona mfadhili. Wiki ya tatu mtoto anatumwa aombe kiatu, ya tano ada. Mshauri mwenye moyo anatoa, akiishiwa anaona aibu kwenda mikono mitupu, anaacha kwenda. Sehemu ya waliotoweka wametokea mlango huo. Dawa yake ni kwenda nyumbani na mshauri siku ya kwanza, watatu mkakaa na bibi, ukasema wewe, si mshauri: "Huyu hatoi ada wala nguo. Kazi yake ni kukaa na mjukuu wako. Mahitaji yote njoo kwangu ofisini." Kisha kuwe na daftari la mahitaji ofisini linalojibiwa kweli, hata kama jibu ni "mwezi huu hatuna". Mshauri akiombwa ana la kusema: nitamwambia mratibu aandike.

Siku moja ya semina haitoshi, hasa kama ilikuwa ya hotuba. Fanya vipindi viwili vya saa tatu, wiki mbili tofauti, na nusu ya muda muigize: mtoto anaomba hela, mtoto anasema "nikuambie siri usimwambie mtu", mtoto hajatokea mara mbili mfululizo, bibi anakukaripia. Ila jambo kubwa la kuwafundisha ni namna ya kuvuka zile wiki za mwanzo.

Itazame ziara ya tatu ilivyo. Mshauri anauliza, shuleni vipi? "Poa." Hesabu umepata ngapi? "Sijui." Unataka kuwa nani ukikua? Kimya, mtoto anachora mchangani kwa kidole cha mguu. Dakika 20 zikipita mshauri anaanza kuhutubia: soma kwa bidii, elimu ni ufunguo wa maisha, mimi nilikuwa kama wewe. Mtoto anaitikia ndiyo, ndiyo. Mshauri anatoka akiamini mtoto hampendi, mtoto anabaki akiamini ameshindwa mtihani. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1995 ulilinganisha washauri waliokuja na ajenda ya kumrekebisha mtoto tangu mwanzo na wale walioanza kwa kumwacha mtoto achague cha kufanya. Jozi nyingi za kundi la kwanza zilivunjika, za kundi la pili zikadumu.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza isiwe na hotuba. Iwe ya mikono: drafti la vizibo vya soda, bao, kuziba pancha ya baiskeli, kukanda unga wa maandazi, kusuka. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo hufunguka wenyewe. Vizuri zaidi mtoto awe ndiye anayefundisha, na mshauri akubali kushindwa drafti bila kuigiza. Habari za hesabu na tabia zitakuja zenyewe, mara nyingi njiani mkirudi. Waambie washauri wazi kwamba ukimya wa wiki sita za mwanzo ni wa kawaida. Na mtoto akizoea, huenda akamjaribu: atachelewa makusudi, atasema maneno makali, aone kama na huyu ataondoka. Mshauri asiyeonywa juu ya hilo huondoka hapo hapo.

Unapopiga simu, usiulize "mnaendeleaje", utajibiwa "poa tu". Uliza mara ya mwisho mlikutana lini, mlifanya nini, nani aliongea zaidi, kitu gani kilikukera. Mshauri akikosa mara mbili, ni siku ya kumpigia, usingoje ya tatu. Mtoto naye muulize peke yake: mlikwenda wapi, kuna kitu hukukipenda, kuna kitu umeambiwa usiseme? Swali hilo la mwisho liulize kila mwezi kwa sauti ya kawaida kabisa, ili siku likiwa na jibu, mtoto awe amezoea kuulizwa.

Tunafika kwenye cheti cha polisi. Kidaini, lakini jueni kinasema nini: kwamba mtu huyu hana rekodi iliyojulikana. Wengi wa wanaodhuru watoto hawajawahi kushtakiwa. Pamoja na cheti taka nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakoishi sasa, na wadhamini wawili ambao utawapigia wewe mwenyewe. Muulize mdhamini, "Ungemwachia mwanao wa miaka kumi?" kisha sikiliza kama anajibu au anasita. Jihadhari na anayechagua umri na jinsia ya mtoto kwa kung'ang'ania, anayechukia kuangaliwa, anayekuja na zawadi kubwa mapema, anayetaka kumchukua mtoto Pasaka.

Kinga yenyewe hasa iko kwenye mpangilio wa kila siku. Jozi zikutane mahali zinapoonekana: ukumbi, uwanja wa shule, kibaraza, ofisini. Kamwe si chumbani kwa mshauri, si nyumbani kwa mtoto kukiwa hakuna mkubwa, si baada ya magharibi, na si wawili kwa bodaboda kwenda kusikojulikana. Kwa kawaida panga jinsia moja, na muulize mtoto kama amemkubali. Ujumbe wa WhatsApp upitie simu ya mzazi au kundi ambalo wewe umo, kati ya saa mbili asubuhi na saa moja jioni. Picha za mtoto hazirushwi kwenye stetasi. Hali ya afya, hasa VVU, haiandikwi kwenye kundi lolote. Taarifa hizo sasa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo inalihusu shirika dogo kama lenu pia, kwa hiyo mafaili yawe kabatini na ufunguo uwe kwako. Mshauri na mzazi wote wasaini kanuni hizi, mtoto asomewe kwa lugha anayoielewa, na kila mmoja awe na namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozwi.

Kuna mambo ambayo si ya mshauri, wala si yako peke yako. Mtoto akisema anapigwa, anaguswa, anataka kujiua, ametoroka, au ukimwona na majeraha yasiyoelezeka, mshauri asichunguze na asiahidi siri. Anasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Nitamwambia mratibu ili usaidiwe." Anaandika maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, na anakupigia siku hiyo hiyo. Wewe unamfikia Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri, na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo huombi ruhusa ya bodi. Kama ni ubakaji au ulawiti, nenda hospitali kwanza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Anayetuhumiwa akiwa ni mshauri wenu, anasimamishwa kukutana na watoto wote dakika hiyo, na familia yake au ya mtoto ikija na habari za kuyamaliza kimya kimya, jibu ni hapana. Nakushauri uende kumwona Afisa Ustawi mwezi huu, kabla hujawa na shida, ukiwa na kanuni zenu mkononi. Azisome, akosoe, na mjuane kwa sura.

Kwa kikao cha bodi peleka karatasi moja: kalenda ya chuo na ya shule bega kwa bega, hesabu ya zile saa 48, na pendekezo la wapya wanane kwa miezi mitatu pamoja na makundi ya Jumamosi. Ombeni wafadhili muwe mnaripoti jozi zilizofikisha miezi 12, badala ya "watoto waliofikiwa". Wajumbe wakisisitiza 50, waulize nani atapiga simu 50 kila wiki, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari.